Meneja wa Godoroni

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Leo maisha yangu yamegeuka. Au yatageuka karibuni. Meneja wetu, Bwana Taufiq, anahamia Malindi kwa wakwe zake. Ametuaga kwa sambusa. Sambusa zilipokwisha, Bi Khairiya, mwenye nyumba ya wageni pale Shela tunapofanya kazi, alituita mimi na Mahir akatuambia kiti cha meneja ni cha mmoja wetu. Atatazama nani yupo kazini, nani anawajibu wageni upesi, nani ana akili ya zama hizi. Mahir akatabasamu. Mahir huwa hatabasamu bure. Ana cheti cha kompyuta kutoka Mombasa. Kimetiwa fremu ya dhahabu.

Hali yangu ni hii. Mimi naishi Mkomani, ofisi iko Shela. Nikitembea ufuoni jua hunichoma kisogo. Nikipanda boti narowa. Na maombi yote ya wageni huingia kwenye kompyuta ya ofisi, dude zito la zamani, ambalo Bi Khairiya hataki lisogezwe hata shibiri kwa sababu alilipokea gatini yeye mwenyewe.

Wazo limenijia nikinywa chai ya tangawizi. Nitatengeneza programu! Nitaiona skrini ya Shela nikiwa kwenye godoro langu Mkomani. Wageni watajibiwa kabla hawajamaliza kuuliza, na mimi sijavaa hata viatu. Meneja Husni! Linatamkika vizuri.

Thuwaiba, mke wangu, alisema programu za namna hiyo zipo tele, mtu anapakua tu. Nikamweleza kwa upole kwamba anayepakua ni mteja, anayetengeneza ni mhandisi. Akauliza mhandisi atanunua samaki saa ngapi.

Nilisahau samaki. Tumekula mayai.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeanza masomo. Mwalimu ni kijana wa mtandaoni asiyepumua kati ya sentensi. Anasema huu ni mradi wa wanaoanza. Kanuni yake nyepesi mno. Mashine ya kwanza inapiga picha ya skrini yake, inaibana iwe ndogo, inaituma. Mashine ya pili inaipokea na kuionyesha. Tena na tena, mbio mbio, mpaka jicho lidanganyike. Basi! Sioni cha kusomea miaka miwili Mombasa.

Lugha yenyewe inaitwa Python, yaani chatu. Nilimwambia Thuwaiba kuwa kuanzia leo nina chatu ndani ya laptopu. Akasema akae humohumo, asishuke.

Kosa, mstari wa saba. Nikautazama mstari wa saba. Hauna kosa. Nikautazama mpaka macho yakatoka machozi. Nikaufuta, nikauandika upya. Kosa, mstari wa saba! Kumbe kosa lilikuwa mstari wa sita, mabano hayakufungwa. Sasa mbona asingiziwe wa saba? Nina majirani wa tabia hii.

Halafu ikaenda! Niliziwasha programu zote mbili kwenye laptopu yangu, dirisha likafunguka. Ndani yake skrini yangu. Ndani ya skrini, dirisha. Ndani ya dirisha, skrini, na kuendelea hivyo hadi kadogo kama punje ya mtama. Nikapiga ukelele. Thuwaiba akaja mbio, mikono imejaa unga. Akatazama kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo," akasema, "umetengeneza kitu cha kukuonyesha unachokiona."

Wahandisi wengi hawakueleweka nyumbani kwao.

Nimefika kazini nimechelewa. Zamu ya asubuhi ni ya Mahir, ya alasiri ni yangu. Alikuwa bado kitini, ameketi kama aliyezaliwa humo. Aliniambia karibu. Karibu! Ofisini kwangu!

Jumatano, 5 Novemba

Kazi ya leo: kuitia programu kwenye kompyuta ya ofisi bila Mahir kujua. Nilifika mapema nikamwambia mgeni wa chumba cha juu analalamika chandarua chake kina tundu. Akapanda. Nikachomeka flashi, nikaanza.

Mahir akashuka haraka kuliko ilivyotakiwa. Akasema chumba cha juu hakina mgeni tangu wiki iliyopita. Nikasema ndiyo maana amenyamaza.

Wakati huo huo dirisha jeusi lenye maandishi meupe likafunguka katikati ya skrini. Mahir akauliza hicho ni nini. Nikamwambia ni nyakati za swala. Akauliza za wapi. Nikasema za Uturuki, kwa ajili ya wageni wa Kituruki. Akasema hatujapata kuwa na mgeni wa Kituruki. Nikamwambia hiyo ndiyo tofauti kati ya karani na meneja, meneja hutazama mbele.

Nimefurahi na jibu hilo njia nzima ya kurudi.

Nyumbani furaha imekwisha. Nimeiita kompyuta ya Shela, haiitiki. Nimebadilisha anwani, haiitiki. Mwalimu asiyepumua anaeleza, kwenye somo nililoliruka, kwamba kwa wanaoanza mashine zote mbili lazima ziwe kwenye wifi moja. Kuunganisha mitandao miwili ni somo la waliobobea.

Yaani ili nifanye kazi kutoka mbali, lazima niwe karibu.

Nimelifikiria sana jambo hili. Si kushindwa. Ni hatua.

Alhamisi, 6 Novemba

Asubuhi nimeizunguka nyumba ya Bi Khairiya kwa nje, simu nimeinyanyua juu kama anayetafuta mwezi wa Idi, nione wifi inafika wapi. Upande wa bahari inakufa mlangoni. Upande wa msikiti inakufa kabla ya kona. Lakini nyuma, ukuta kwa ukuta na ofisi, inashika vizuri kabisa! Ni zizi la punda wa Abdulwahid, jirani anayewabebea watu mchanga na mawe ya kujengea.

Siwezi kumwambia mtu kweli. Nilimwambia Abdulwahid nafanya utafiti wa afya ya punda. Abdulwahid ni mkarimu. Akanipa debe la kukalia, akaniletea punda mwenye kikohozi. Nikamwekea punda simu kifuani, nikatega sikio, nikatikisa kichwa. Nikasema anahitaji mapumziko. Abdulwahid alishukuru sana. Punda naye akalala palepale, mlangoni, na mimi nikiwa ndani.

Basi nikapata nafasi nzuri ya kufanya kazi.

Na imeshika! Skrini ya ofisi imeonekana! Kwa kweli nusu yake. Juu picha, chini kijivu kitupu. Mwalimu anasema lazima kwanza umwambie mpokeaji mzigo una ukubwa gani, ndipo umtume mzigo, vinginevyo anaondoka na nusu. Nimerekebisha. Ikaja nzima, lakini rangi nyekundu na ya buluu zimebadilishana. Kwenye picha za nyumba, embe za buluu. Mbao za buluu. Bi Khairiya, katika ile picha yake ya kuwakaribisha wageni, uso wa buluu na meno meupe. Nilishtuka nikamkanyaga punda.

Nimerekebisha na hilo. Kisha nikamwona Mahir, mubashara, akifanya kazi. Alikuwa akitafuta mtandaoni: dalili za kiongozi wa kuzaliwa. Alisoma kurasa zote.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku ya utukufu. Nimeongeza kipanya! Sasa si kutazama tu. Nikiusogeza mshale wangu zizini, wa ofisini unasogea.

Mahir alikuwa anamwandikia mgeni barua ndefu yenye maneno ya kujipendekeza. Nikausukuma mshale kidogo. Akaacha kuandika. Nikausukuma tena. Mshale ukatoka kwenye barua ukaenda pembeni ukatulia. Halafu nikausikia upande wa pili wa ukuta mgongano wa kiti, na sauti ya mwenye cheti ikisoma Ayatul Kursi, haraka haraka, hata vituoni hakusimama.

Nikafungua picha ya Bi Khairiya. Nikaifunga. Nikaifungua.

Bi Khairiya akaitwa. Nilisikia kila neno. Mahir akadai ni virusi, akasema mambo haya wamesomeshwa. Bi Khairiya akasema: "Virusi gani hutafuta picha yangu kwa jina? Hili ni jini, Mahir, tena limesoma!" Akaagiza chetezo. Dude likafukizwa udi mbele, nyuma na chini ya meza, mpaka feni yake ya ndani ikaanza kukohoa kuliko punda.

Nilicheka hadi punda wakanigeukia wote.

Ila Mahir hakufukuzwa. Bi Khairiya amempa pole na glasi ya juisi ya ukwaju. Juisi ile hakupata kunipa mimi.

Nikaenda swala ya Ijumaa na majani makavu kwenye kanzu. Thuwaiba aliponipokea alirudi nyuma. Alisema nanuka punda na udi kwa pamoja, kama harusi iliyokwenda kombo.

Jumamosi, 8 Novemba

Harusi! Thuwaiba ana kinywa cha ajabu. Bi Khairiya ametangaza kwamba Jumatatu alasiri inakuja familia kubwa kutoka Mombasa kuiona nyumba. Binti yao, Maram, anaolewa, na wanataka nyumba nzima kwa wiki ya harusi. Waja yeye, mama yake, na mashangazi wasio na idadi. Watakaa sebuleni, waonyeshwe picha za vyumba kwenye televisheni kubwa, ambayo imeunganishwa kwa waya na kompyuta ya ofisi. Atakayeifanikisha siku hiyo, amesema Bi Khairiya, ndiye meneja wangu. Alikuwa akitutazama wote wawili, lakini nahisi mimi zaidi.

Zamu ya alasiri ni yangu. Mtu wa kawaida angekwenda, angevaa vizuri, angeonyesha picha.

Mimi nitaumwa.

Nitapiga simu nina homa. Mahir atashika zamu yangu. Atasimama pale mbele ya mashangazi, na kabla hajagusa kitu, picha zitaanza kujifungua zenyewe! Chumba cha bibi harusi. Kiwanda, yaani ua wa ndani, na maua yake. Roshani. Zote kwa mpango, zote kwa mkono wangu kutoka zizini. Watashangaa nani huyu. Ndipo nitakapoingia, kanzu nyeupe, uso wa mgonjwa, niseme kwa sauti dhaifu: hata nikiwa kitandani, Bi Khairiya, siwaachi wageni wako.

Nimejaribu sauti dhaifu mbele ya Thuwaiba. Akauliza kama nimemeza mwiba.

Jumapili, 9 Novemba

Programu ilikuwa imejaa viraka, nimeiandika upya yote, safi. Hata majina nimeyatengeneza. Ile ya mashine inayoona nimeiita TAZAMA. Ile ya mashine inayoonwa nimeiita TAZAMWA. Kiswahili fasaha! Hapana ubabaishaji.

Thuwaiba, akipita na ndoo, alisema majina yanafanana mno, ninaweza kuchanganya. Nikamwambia katikati ipo W nzima.

Jioni nimekwenda Shela siku ya mapumziko yangu, kujitolea huko, nikaweka programu kwenye dude la ofisi. Nimeipanga ijiwashe yenyewe kompyuta ikifunguliwa, na ijaze skrini yote, pasiwe na kitufe cha kuifunga. Sitaki Mahir aingize vidole. Nyingine nimeiweka kwenye laptopu yangu.

Nimefanya mazoezi ya kukohoa. Najisikia mzima sana.

Jumatatu, 10 Novemba

Naandika haya nimejifunika shuka mpaka kichwani.

Asubuhi nilimpigia Bi Khairiya nikakohoa vizuri mno. Akaniombea shifaa. Akasema nisitoke kitandani. Nikatoka kitandani, nikavaa kanzu ya Idi, nikaenda zizini.

Familia ikafika. Niliwasikia mashangazi wakiingia, vicheko, bangili, viatu vikivuliwa. Nikaiwasha programu. Ikaandika: imeunganishwa. Alhamdulillahi! Nikangoja dirisha lifunguke niione ofisi. Halikufunguka. Nikajiambia wifi imelemewa, kila shangazi ana simu. Nitasubiri.

Katika kusubiri nikaona nifanye mazoezi kidogo ya kukabidhiwa ufunguo wa umeneja. Nikafungua kamera ya laptopu nijione. Nilipendeza. Lakini kukabidhiwa kunataka mtu wa kukabidhi. Yule punda wa kikohozi alikuwepo. Na Bi Khairiya alikuwa ameanika leso yake juu ya ukuta, pindo limeangukia upande wetu. Nikaivuta. Nikamfunika punda kichwa, masikio nikayaacha nje. Ikamkaa. Punda akawa Bi Khairiya.

Nikamwinamia. Nikapokea ufunguo wa hewani kwa mikono miwili. Nikaweka mkono kifuani, nikahutubia, nikafuta chozi. Nikaligeukia debe, ambalo lilikuwa Mahir, nikalinyooshea kidole nikaliamuru libebe mizigo. Nikarudia mara kadhaa, maana punda alikuwa anatazama pembeni kila tulipofika kwenye ufunguo.

Mara mshale wa laptopu yangu ukaanza kwenda wenyewe.

Mkono wangu ulikuwa shingoni mwa punda. Mshale unakwenda! Kushoto, kulia, unabonyeza huku, unabonyeza kule, kama kitu kimefungiwa kinatafuta mlango. Jini! Lile jini nililomsingizia Mahir lipo kweli, na limehama! Nikajibana kwa punda nikaanza kusoma nilichokumbuka. Nilichokumbuka ni dua ya kuingia chooni.

Hapo ndipo nilipoona kwenye kamera. Nyuma yangu, punda mwenye leso. Na kando ya punda, Bi Khairiya. Wa kweli. Kati yao wawili, mwenye uso wa huruma alikuwa punda.

"Huyu punda mevaa leso yangu," alisema.

Nikakohoa.

"Naona homa imepoa, Bwana Husni."

Bwana! Siku njema huniita mwanangu.

Abdulwahid alitokea, akataka kunitetea. Akamwambia Bi Khairiya asinikatize, mimi ni daktari wa punda. Haikusaidia kama alivyokusudia.

Sasa najua. W ile! TAZAMA niliiweka ofisini, TAZAMWA kwangu. Si mimi niliyekuwa naiona ofisi, ofisi ndiyo iliyokuwa inaniona mimi. Kompyuta ilipowashwa, televisheni kubwa ilijaa Husni, kanzu nyeupe, bila sauti, picha zikidondoka moja moja: Husni anainama. Husni analia. Husni anagombana na debe. Mahir alibonyeza kila alichoweza kubonyeza kunifunga, cheti na yote, na ile ndiyo mikono ya jini niliyoiona mimi. Mama yake Maram, nimeambiwa, alidhani ni tangazo la biashara. Kisha Bi Khairiya akaitambua leso.

"Nimekuona kwa mato yangu," alinikaripia mlangoni, na macho yenyewe yalikuwa yakimwaga moto. "Mashangazi wote wamekuona! Nenda kwako. Kesho ndoo na Mahir." Yaani njoo, si ndoo ya maji.

Thuwaiba amechora tu W ya unga kwenye mkate wa kumimina. Nimekula bila kuitazama.

Jumanne, 11 Novemba

Nilikwenda nikijua nafukuzwa. Nilichagua hata kofia ya kufukuziwa.

Kumbe familia imechukua nyumba! Maram alicheka hadi wanja ukamwagika, na amesema hajaona mahali pengine wageni wanaburudishwa kabla ya kulipa. Sharti lake ni kwamba punda awepo siku ya kupeleka zawadi, na leso yake. Abdulwahid ameshaanza kumsugua.

Kwa hivyo Bi Khairiya alikuwa na hasira nusu tu. Alituketisha mimi na Mahir. Akauliza polepole kama ni kweli mtambo huu unamwonyesha mtu anachofanya mwenzake upande wa pili. Nikasema kweli. Akauliza nimeutengeneza mwenyewe. Nikasema mwenyewe, nikaketi vizuri. Akauliza unafika wapi.

Nikasema mpaka zizini.

Mahir akacheka puani. Akasema huo ni mtambo wa kitoto. Kwa elimu aliyo nayo yeye, anaweza kuiunganisha mitandao miwili, ufike Mkomani, ufike hata Pate. Nikasema bila programu yangu hana cha kufikisha. Akasema bila mtandao wake programu yangu ni ya punda. Nikasema nitaiboresha leo. Akasema ataunganisha leo. Bi Khairiya akasema haya, fanyeni wanangu, nyote wawili, na atakuwa radhi sana.

Wanangu! Amerudi!

Tumefanya kazi hadi alasiri ikaisha, bega kwa bega, bila kusemezana. TAZAMWA ofisini. TAZAMA kwenye laptopu mpya ya Bi Khairiya, nyumbani kwake Mkomani. Nimekagua W hadi jicho likacheza. Picha ni safi, rangi ni zake, kipanya kinatii. Lazima nikiri Mahir anajua mitandao. Lazima yeye akiri mengi zaidi.

Kesho atatangaza meneja.

Jumatano, 12 Novemba

Ametangaza kwa simu. Alituambia tuweke sauti ya juu, tukae mbele ya dude.

"Meneja ni mimi," akasema.

Tukangoja aendelee. Hakukuwa na zaidi. Kisha akaeleza, kwa furaha ambayo sijapata kuisikia kwake. Yeye yuko kwake, kitandani, mto mgongoni, kahawa mkononi. Ofisi yote anaiona. Ya nini kumlipa meneja wa kwenda na ndia, kurudi na ndia, kutwa yuko njiani, na wanawe wamemtengenezea kitu kizuri hivi? Akatushukuru. Akasema Mungu atubariki. Ili tuamini, akauchukua mshale kwenye skrini mbele yetu akauzungusha, taratibu, kama mtu anayekoroga uji.

Mahir alinigeukia. Sikumgeukia.

Ijumaa, 14 Novemba

Haya si maisha. Nikifungua matokeo ya mpira, simu inalia: "Husni, hiyo si kazi." Nikiyafunga kabla hajaona, simu inalia: "Ulifunga nini?" Jana nilikaa tu, sikufungua chochote, nikaona mshale ukija wenyewe, ukafungua barua ya mgeni, ukasimama juu yake ukitikisika. Mahir anasema leo asubuhi ulimfutia sentensi nzima. Ya kujipendekeza. Hapo nilimwonea Bi Khairiya heshima.

Mahir hanisemeshi ila kwa mambo ya lazima. Leo lazima ilikuwa kuniambia kwamba nimemharibia maisha.

Thuwaiba alikwenda kumtembelea Bi Khairiya kwake. Amerudi akisifu vile alivyotulia, kitanda kikubwa, upepo kutoka roshani, laptopu mapajani, anaendesha nyumba ya Shela bila kuvaa viatu. Akasema inapendeza kuona mtu aliyefikiri mbali.

Nikatoka nje kuvuta pumzi.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimepata! Usiku sikulala vizuri. Dawa imenijia nikimenya chungwa.

Bi Khairiya hanioni mimi. Anaona skrini. Sasa akitaka kuona skrini yenye bidii, aonyeshwe skrini yenye bidii! Leo asubuhi nilimwomba Mahir aniachie kiti mapema, akaondoka haraka bila hata kuuliza. Nikafanya kazi kwa dakika chache, kwa bidii ambayo sijapata kuifanya. Nilijibu barua, nilipanga vyumba, nilifungua jedwali nikalifunga. Yote hayo nimeyarekodi. Kuanzia Jumatatu programu mpya itamtumia rekodi hiyo badala ya skrini ya kweli. Ikiisha, inaanza upya, hadi magharibi. Na mimi nitakuwa kwenye godoro, Mkomani, mhandisi aliyepumzika. Nimeiandika yote mchana huu. Kosa lilikuwa moja tu, mstari wa kumi na mbili. Nimeufuta mstari wa kumi na moja, nao wa kumi na mbili ukanyamaza.

Nikamwonyesha Thuwaiba. Akaitazama rekodi mwanzo hadi mwisho huku akichagua mchele. Akauliza kuhusu kile kisaa kidogo pembeni ya skrini. Akasema hapo kinaonyesha saa tatu asubuhi, sasa ikiwa inarudia, Bi Khairiya ataona saa tatu asubuhi mpaka jua litue.

Maskini Thuwaiba, hajapata kufanya kazi ofisini. Nikamweleza kwamba mtu akichapa kazi kweli, hata saa husimama kumtazama.